Kahawa Haiamshwi kwa Ndoo Moja

Ukitoka Kisangani kwa barabara ya Bangboka, ukapita uwanja wa ndege, ukasonga mbele kidogo, utaona shamba la kahawa upande wa kushoto. Zamani shamba hilo lilijulikana kwa jambo moja tu: usafi. Chini ya ile miti hukuona jani. Hata moja! Udongo ulikuwa mtupu, umechorwa mistari ya ufagio, kama baraza ya watu wanaongoja wageni wa harusi.

Mwenye ufagio alikuwa Papa Alfani. Kabla hujamcheka, umjue kwanza. Papa Alfani alikuwa fundi wa kushona. Miaka ishirini na miwili alikaa mjini na cherehani yake, akishona kanzu za wanaume wa msikitini. Watu walisema kanzu ya Alfani haina kunyanzi, na walisema kweli. Kisha baba yake akafariki, akaacha miti mia moja na thelathini ya kahawa. Watoto wengine hawakutaka kuishi shambani. Alfani akafunga cherehani nyuma ya pikipiki, akamchukua mkewe Mama Aziza, akahama.

Sasa mtu aliyezoea kitambaa atalima namna gani? Atalima kama anavyoshona. Kila asubuhi, baada ya swala, Alfani alishika ufagio. Majani yaliyoanguka aliyakusanya, akayachoma moto. Mvua ikikatika, alichukua bidoni mbili za njano, yale madumu ya maji, akashuka kwenye kijito. Aliupa kila mti maji yake: kopo moja huku, makopo mawili kule.

"Kunywa, mutoto ya baba," aliuambia kila mti. "Kunywa, usife."

Wapita njia walimsifu. "Papa Alfani, shamba yako iko propre kuliko nyumba yetu!" Naye alifurahi, akavuta ufagio kwa nguvu zaidi.

Lakini usafi hauvunwi. Wakati wa marehemu baba yake, shamba lile lilijaza magunia manane ya kahawa kavu. Mwaka wa kwanza wa Alfani, magunia mawili. Mwaka wa pili, gunia moja na nusu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa tatu, dada yake mkubwa alikuja. Jina lake Ramla; Alfani humwita Yaya. Ni mwanamke mrefu, muuza samaki wakavu sokoni, na maneno yake hayazunguki. Alitembea kati ya miti, akainama, akatazama matawi. Kisha akaketi barazani, akakataa hata chai.

"Alfani, niangalie kwa macho," alisema. "Baba alijaza gunia nane. Weye unajaza moja na nusu."

"Yaya, ni jua. Jua iko kali siku hizi."

"Na jua ya baba ilikuwa baridi?"



"Bon," Ramla akasema. "Nimeongea na Landry, ule mwenye mashine ya kukata miti. Jumapili ya mwisho mbele ya Ramadhani atakuja hapa. Tunakata kahawa yote. Tunapanda muhogo. Majani utakula pondu, mizizi utakula tena."

"Yaya! Hii ni miti ya baba!"

"Baba alipanda ili tule. Hakupanda ili tufagie."

Alisimama, akafunga kitenge chake vizuri. Kisha akasema neno lililomchoma mdogo wake kuliko yote.

"Kosa si yako, ndugu yangu. Mikono ya sindano haijui udongo. Rudi kushona."

Akaenda zake. Alfani alibaki barazani, akitazama mikono yake. Mama Aziza alimletea maji ya kunywa, lakini hakunywa. Aliona aibu. Miti ambayo baba yake aliitunza miaka thelathini ingekatwa mikononi mwake yeye, na watu wa mjini wangesema: aliiua fundi wa kanzu.

Ndipo akafanya kile ambacho mtu mwenye hofu hufanya. Alizidisha. Alifagia asubuhi, akafagia jioni. Maji alipeleka mara mbili kwa siku. Nayo mvua ilikuwa imekatika kabisa. Sisi watu wa Kisangani tumezoea mvua. Wiki mbili zikipita bila mvua, tunaanza kuulizana kama dunia inaisha. Safari hii zilipita wiki tatu. Mchana majani ya kahawa yalilegea yakaelekea chini. Yale ya zamani yaligeuka njano, yakaanguka. Alfani aliyaona yakianguka, akahisi roho yake inaanguka nayo.

Asubuhi moja jirani yake alipita na kikapu kichwani. Huyu ni Mama Agathe. Kwao ni Yanonge, mtoni, lakini aliolewa huku. Kabla ya kustaafu alifanya kazi miaka mingi katika kitalu cha miche ya kahawa. Alisimama, akamtazama Alfani akimimina kopo lake, akashindwa kunyamaza.

"Papa Alfani, na weye! Juu ya nini unaamusha miti iko inalala?"

"Inalala? Mama Agathe, iko inakufa! Huoni majani?"

"Naona. Inajilinda."

"Inajilinda na nini?"

Mama Agathe akatua kikapu. "Ukiwa na maji kidogo nyumbani, na jua iko kali, utafanya nini?"

"Nitafunika mutungi."

"Voilà. Na muti inafunika mutungi yake. Uko na saché ya plastiki yenye kuonyesha ndani?"

Mama Aziza, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaleta mifuko miwili safi. Mama Agathe akachukua mmoja, akauvisha kwenye ncha ya tawi lenye majani, akafunga kwa uzi. Ilikuwa saa moja ya asubuhi.

"Ngojeni," akasema, akaenda shambani kwake.

Saa tatu alirudi, akaufungua ule mfuko. Ndani yake kulikuwa na matone ya maji. Alfani akaugusa kwa kidole, akalamba.

"Haya maji imetoka wapi? Sikumimina ndani."

"Imetoka ku majani. Chini ya kila jani kuko vinywa vidogo sana, maelfu na maelfu. Jicho haivione. Muti inafungua ile vinywa ili ivute hewa. Lakini ikifungua, maji inatoka. Ndio ile unaona."

"Alors, maji yangu yote inapotea hivi?"

"Ngoja kwanza. Tufunge saché ya pili jua ikiwa katikati."

Saa sita walifunga mfuko wa pili kwenye tawi jingine la mti ule ule. Saa nane waliufungua. Mlikuwa na ukungu tu. Matone yangehesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mama Aziza akapiga makofi.

"Kumbe imefunga kinywa!"

"Imefunga," Mama Agathe akasema. "Asubuhi, hewa iko baridi, inafungua kidogo, inafanya kazi yake. Jua ikipanda, inafunga. Hakuna mutu aliyeiambia. Na tazama hili jani. Limelegea, ni kweli. Lakini likielekea chini, jua hailipigi usoni. Jioni litanyooka. Umeshaona?"

Alfani alikuwa ameona. Kila jioni majani yalinyooka, naye alifikiri ni kopo lake lililofanya kazi.

"Na yale ya kuanguka?" akauliza.

"Jani la zamani linakunywa sana na kazi yake ni kidogo. Wakati wa kiu muti inaliachia. Mizizi nayo inashuka chini zaidi, inatafuta maji ya ndani. Lakini weye ukimwaga kopo kila siku hapa juu, mizizi itashuka kutafuta nini? Itakaa juu, inakungoja kama mutoto anayengoja kulishwa. Siku moja ukiugua, muti itaanguka pamoja nawe."

Alfani hakupenda kusikia hilo. Watu wengi walikuwa wamemsifu kwa kazi ile. Akakunja uso.

"Mama Agathe, na heshima yote. Mwaka wa tatu huu ninabeba maji na mabega yangu. Unataka niache miti ya baba na kiu, niangalie tu?"

"Papa Alfani, nikuulize neno moja. Mwaka jana, ile gunia moja na nusu, ilitoka mistari gani?"

 Aliyejibu ni Mama Aziza, kwa sababu yeye ndiye aliyechuma.

"Mistari ya nyuma," alisema polepole. "Ile minne ya huko juu."

"Na maji ya bwana yako inafika huko juu?"

Mama Aziza akamtazama mumewe. "Hapana. Huko ni mbali na kijito. Anasema ile miti itajitegemea."

 Alfani akapanda kwenda mistari ya nyuma, nao wakamfuata.

Mama Agathe aliwaonyesha kwenye tawi, pale jani linapoota. Palikuwa na vichipukizi vidogo vya kijani, vimebanana, vigumu kama punje za mtama. "Hii ni maua," alisema. "Iko inalala. Kahawa inatengeneza maua, kisha inailaza wakati wa ukame. Ile kiu ndio inaiivisha. Ikisikia mvua kubwa, mvua yenyewe, yote inaamuka siku moja."

Walishuka mpaka miti ya karibu na kijito, ile iliyokunywa kila siku. Kwenye matawi, vichipukizi vingi vilikuwa vimerefuka kidogo, vikakauka, vikawa kahawia. Alfani akavigusa. Vikavunjika vikawa vumbi.

"Kopo yako iliyadanganya," Mama Agathe akasema kwa upole. "Yalifikiri mvua imekuja. Yakaamuka. Yakatafuta maji ya kufungukia, hayakuona. Muti mukubwa kama huu, ili maua ifunguke vizuri, inataka zaidi ya bidoni kumi kwa mara moja. Weye uko na miti mia moja na thelathini. Utabeba?"

"Ata ningekuwa na punda kumi," Alfani akanong'ona.

"Tena hata yale machache yaliyofunguka, leo muti huu, kesho ule, hayazai sana. Hii kahawa yetu ya hapa haijizalishi yenyewe. Ua la muti mumoja linataka unga wa muti mwingine. Upepo na nyuki vinaupeleka. Donc lazima miti yote ichanue pamoja."

Mama Aziza akacheka ghafla, akashika kiuno. "Baba Nadia! Mutu amefunga, saa ya azuhuri unamupa tone moja ya maji. Saumu yake umeiharibu, na kiu haijaisha! Ndio weye na kahawa!"

Nadia ni binti yao, aliyeolewa mjini. Mama Aziza hakuliita jina hilo mbele za watu ila alipokuwa na furaha. Alfani naye akajikuta anacheka, ingawa macho yake yalikuwa yamelowa.

"Imebaki wiki mbili na nusu Landry aje," akasema. "Kuko dawa?"

"Kuko. Ya kwanza, acha maji. Ya pili, acha ufagio."

"Ufagio pia?"

"Ufagio zaidi! Udongo mutupu unapikwa na jua kama sufuria. Yale majani unayachoma ndiyo nguo ya shamba. Weye fundi mwenyewe, umevua shamba lako nguo!"

Hapo alimshika pabaya. Alfani aliona haya kama mtu aliyeambiwa kanzu yake imepasuka nyuma.

Siku iliyofuata kazi ilianza. Alfani na Mama Aziza walikata nyasi, wakakusanya majani makavu ya migomba na majani yote yaliyoanguka. Wakayatandaza chini ya miti, unene wa kiganja kilichosimama. Mama Agathe alipita akikagua. Kila mti ambao majani yaligusa shina, aliyasogeza kwa mguu.

"Acha nafasi ya mukono mumoja kuzunguka shina. Bila hivyo, shina litaoza, na mchwa watajenga."

Alfani alipima nafasi ile kwa futi yake ya ushonaji. Mti kwa mti, miti yote. Mama Agathe akamwambia haikuwa lazima kupima hivyo, lakini Alfani ni Alfani.

Kulikuwa na miche kumi na miwili michanga, ya mwaka ule ule, pembeni ya nyumba. Alfani akauliza kama nayo iache kunywa.

"Hapana, hii ni watoto," Mama Agathe akasema. "Mizizi yake ni mifupi. Uipe maji, lakini si tone tone kila siku. Mara mbili kwa juma, mimina mingi, polepole, mpaka ishuke chini. Na uijengee kivuli cha makuti. Mutu muzima ndiye anafunga, mutoto hapana."

Basi ikaanza kazi ngumu kuliko zote, kazi ya kungoja. Usicheze na kungoja! Mtu aliyezoea kutumia mikono, ukimwambia akae, umemtesa. Wapita njia walisimama barabarani.

"Papa Alfani, umegonjwa? Shamba imekuwa chafu!"

"Sigonjwe," alijibu. "Niko natunza."

"Unatunza takataka?"

Walicheka wakaenda. Alfani aliuma meno. Wiki moja ikapita bila mvua. Majani yakaendelea kulegea mchana. Siku moja, jua likiwa kali sana, hakuweza tena. Alichukua bidoni ya njano, akashuka kijitoni, akaijaza, akapanda nayo mpaka mti ule baba yake aliopanda wa kwanza. Akainua kopo. Alisikia hatua nyuma yake.

Mama Aziza hakupiga kelele. Alisimama tu pembeni, akasema, "Ukimwaga, mume wangu, umemwaga kwa ajili ya nani? Ya muti, ao ya roho yako?"

 Alfani alitazama vile vichipukizi vichache vya kijani vilivyobaki kwenye tawi, vimebana, havina shida na mtu. Akarudisha kopo. Akavua viatu, akakaa juu ya jiwe, akatia udhu kwa yale maji, mkewe akimmiminia. Kisha akaswali pale pale, akamwomba Mwenyezi Mungu mvua. Aliomba kubwa. Alisema kabisa: ya Rabbi, usilete manyunyu.

Siku ya Ijumaa, Alfani akiwa anatoka msikitini, wingu jeusi lilisimama upande wa mto. Upepo ukainua vumbi la barabara. Alipanda pikipiki, akakimbia, lakini mvua ilikimbia kumzidi. Ilimkuta Bangboka, ikampiga mpaka nyumbani. Ilinyesha saa mbili nzima bila kupumua. Kanzu nyeupe ya Ijumaa ilimgandia mwilini, naye hakujali. Alikwenda moja kwa moja shambani, akafukua majani, akachimba kwa panga. Udongo ulikuwa umelowa, chini, chini tena, mpaka mkono ukazama hadi kwenye kiwiko.

"Aziza!" akapiga kelele. "Imefika! Imefika ndani!"

Mama Agathe alikuja mvua ikiwa bado inadondoka. Akachimba naye upande wa pili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hesabu siku saba, siku nane," alisema. "Usiguse kitu."

Alfani alihesabu. Jumamosi wiki iliyofuata ilikuwa siku ya nane. Jumapili ndiyo siku ya Landry.

Siku ya tatu vile vichipukizi vilianza kuvimba. Siku ya sita vilikuwa virefu, vyeupe, kama mishumaa midogo. Ijumaa vikabaki vile vile. Jumamosi alasiri, vile vile! Na jua likiwa linashuka, pikipiki mbili zikaingia. Ya kwanza ilimleta Ramla. Ya pili aliiendesha Landry mwenyewe, kijana mpana wa mabega, na mashine yake imefungwa nyuma kwa kamba za mpira.

"Tumekuja leo ili tuanze mapema kesho," Ramla akasema. Akatazama chini ya miti. "Eh! Na takataka hii? Umeacha hata kufagia?"

"Yaya, tazama juu, usitazame chini. Tazama matawi."

Ramla akatazama. "Naona vijiti vyeupe. Mwaka jana pia ulinionyesha vijiti. Vilikauka."

"Mwaka jana niliviamusha mimi. Mwaka huu imeamusha mvua."

"Maneno, Alfani."

Hapo fundi wa kanzu akanyoosha mgongo. Mama Aziza anasema hakuwahi kumwona mumewe akisimama vile, tangu siku ya ndoa.

"Yaya, sikukatazi. Hii ni miti ya baba yetu sote. Nakuomba usiku mumoja. Kesho asubuhi, kama shamba haijachanua, mimi mwenyewe nitashika kila muti, Landry akate. Sitasema neno. Lakini ikichanua, usiniambie tena kwamba mikono yangu haijui udongo."

 "Usiku mumoja," Ramla akasema. "Nitakula nini hapa?"

Walikula ndizi za makemba na pondu, wakalala.

Alfajiri Ramla ndiye aliyeamka wa kwanza. Alitoka na birika la udhu, akafika mlangoni, akasimama. Harufu ndiyo iliyomzuia. Tamu, nzito, kama ya asumini, ilijaza uwanja wote. Kulipopambazuka kidogo aliona. Mstari wa kwanza, mweupe. Wa pili, mweupe. Mpaka huko juu nyuma, tawi kwa tawi, maua yamebanana mpaka majani hayaonekani. Ni karibu na kijito tu ndipo palikuwa na miti yenye maua machache, ile iliyokunywa sana makopo ya Alfani. Mingine yote ilikuwa imefunguka asubuhi ile moja. Na nyuki! Shamba zima lilivuma.

"Alfani," Ramla akaita. Akaita tena. "Alfani! Aziza! Landry! Amukeni wote!"

Alfani alitoka na msuli kiunoni. Alipoona, akakaa chini kwenye ngazi, akalia waziwazi. Hakuficha uso. Kwa nini afiche? Ilikuwa furaha ya mtu aliyesimama bila kumwaga kopo, na miti ya baba yake imemjibu.

Landry alikuwa amekwisha kushusha mashine. Akamtazama Ramla. "Mama, tunafanya nini?"

"Funga mashine yako," Ramla akasema. "Kisha uende ukate nyasi, uwasaidie hawa watu kutandaza. Nimelipa mafuta ya pikipiki yako, hutarudi bure!"

Mama Agathe alipokuja, alikuta wote watano kazini akiwamo Ramla mwenyewe. Wa tano alikuwa mwendesha pikipiki aliyemleta Ramla, naye aliona haya kukaa tu. Mama Agathe akawaonya kwamba ua si tunda. Mvua lazima iendelee, na kazi nayo iendelee. Na mvua iliendelea, kwa maana Kisangani ni Kisangani.

Nawe unayesoma, kama una kahawa, shika haya niliyoyasikia kwa Mama Agathe mwenyewe. Mti mzima una akili yake wakati wa ukame: unafunga vinywa vya majani, unaangusha ya zamani, unashusha mizizi, unalaza maua. Usiusumbue kwa kopo. Vika udongo nguo kabla jua halijaupika. Mche mchanga ndio wa kunywesha, na uunyweshe mpaka chini. Ukiwa na shaka, funga mfuko wako wa plastiki asubuhi na mchana, uone kwa macho yako. Ila usiusahau, jani litaungua.

Mwezi wa kumi na moja shamba lilikuwa jekundu kwa matunda. Walichuma wiki nne. Waliyaanika, wakajaza magunia saba. Ramla alikataa mtu mwingine ayapeleke mjini. Alipanda juu ya gari mwenyewe, akaketi juu ya magunia kama malkia, mpaka ghala la mnunuzi.

Mnunuzi, mzee anayeitwa Hubert, alichovya mkono ndani ya gunia la kwanza. Akatoa punje, akazing'ata, akazinusa. Akafungua gunia la pili, kisha la tatu.

"Mama, kahawa nzuri hii. Punje ni nzito, zinalingana. Miaka mingi sijaona kahawa hivi kutoka barabara ya Bangboka. Nani analima? Ni agronome, mutu aliyesomea kilimo?"

Alfani alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango, mikono mfukoni. Ramla akageuka, akamshika kifundo cha mkono, akamvuta mpaka mbele ya mizani. Akauinua mkono wake juu, wenye alama za sindano na sugu mpya za panga, ili kila mtu ghalani auone.

"Huyu," alisema. "Mudogo wangu."